Tajiri wa Mazoezi

Mjukuu wangu Jeni ni mhasibu hapa Bukoba mjini. Kila msimu wa ritani za kodi unapokaribia, huwa anakonda. Anakuja kwangu Nyanga Jumapili baada ya ibada, anakaa barazani na simu mkononi, wateja wanampigia mfululizo, na ndizi alizopakuliwa zinapoa mbele yake. Mara ya mwisho alifuatana na wenzake wawili wa ofisini, vijana wenye adabu, nao walikuwa na nyuso za watu wanaotoka kuzika. Niliwauliza nani amefariki. Wakasema hakuna aliyefariki, Babu, ni msimu tu unaanza. Nilicheka hadi nikakohoa, mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia kama niko salama.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hiyo. Nilikuwa karani wa kodi kule Nshamba enzi za Mwingereza, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna kipindi nilichokipenda kama majuma yale ya kuwaandaa watu kabla kodi haijaanza kukusanywa. Wenzangu walikuwa wakiomba likizo. Mimi nilikuwa naamka mapema, nasukuma baiskeli yangu nje huku nikiimba. Msidhani nilipenda kuchukua fedha za watu. Nilipenda kukaa na watu na kusikia walivyoishi mwaka mzima, na serikali ilikuwa ikinilipa mshahara kwa kazi hiyo. Hata leo nikifikiria naona kama niliipunja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Ta Mika, yaani Mzee Mika kwa Kihaya chetu, karani mkuu wa gombolola yetu. Gombolola, kwa msiojua, ilikuwa ni eneo la chifu mdogo, na ofisi yake ilikuwa ndiyo boma letu la karibu. Ta Mika alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mchungaji amkazie macho. Hakuwa na haraka na kitu chochote duniani isipokuwa chakula.

Siku zangu za mwanzo alinituma gulioni nikajizoeze kuwauliza watu mapato yao. Nilikuwa nimetoka shule juzi juzi, viatu vinang'aa. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia ya kahawa, nikamwuliza anapata kiasi gani kwa mwaka. Akaniambia hapati kitu. Nikamwuliza magunia haya ni ya nani. Akasema hajui, yeye amechoka tu, ameona mahali pa kukaa, amekaa. Nikamwendea mwingine mwenye kundi la mbuzi. Akasema mbuzi wale wanamfuata tu tangu asubuhi na yeye mwenyewe anashangaa. Nilirudi kwa Ta Mika nikamwambia kwamba gulio zima la Nshamba limejaa maskini. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani.

Halafu akaniambia jambo ambalo ningependa mlishike. "Mwanangu, hakuna mtu anayejua mapato yake. Lakini kila mtu anaujua mwaka wake. Mwulize mwaka ulikuwaje, kisha unyamaze."

Nilijaribu. Ilikuwa kama kufungua mlango wa zizi. Ukimwuliza mtu mwaka wake ulikuwaje, anaanzia kwenye mvua. Kutoka kwenye mvua anakwenda kwenye kahawa, na ikiwa kahawa ilizaa vizuri atakuambia shemeji yake alikuja kusaidia kuchuma akala sana, na kwamba walianika mpaka nafasi ya uani ikaisha, wakaanika hata kwa jirani. Wewe uliyekaa hapo, kama umewahi kuona uani kwa Mhaya, unajua nafasi hiyo inachukua kahawa kiasi gani. Jambo la pili: akikuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, chukua, tafuna, na ushukuru. Hakuna anayemwambia ukweli mgeni aliyekataa kahawa yake. Nilitafuna kahawa nyingi sana katika utumishi wangu, na huenda ndiyo sababu nilikuwa na nguvu za kupanda milima kwa baiskeli.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hapo zamani kodi ilikuwa ni ya kichwa. Mwanamume mzima alilipa sawa na mwenzake, awe na shamba la kahawa lisiloonekana mwisho, awe na jembe tu. Aliyeshindwa alichukuliwa kwenda kupasua mawe ya barabara mpaka deni lihesabiwe limekwisha. Halafu ukaja utaratibu mpya. Serikali ikasema kila mtu atalipa kulingana na anachopata. Kutakuwa na madaraja, wa juu walipe zaidi, wa chini walipe kidogo, na asiye na kitu kabisa asamehewe mwaka huo. Lakini ili hayo yawezekane, kila mtu lazima afike mbele ya kamati ya wazee wa kijiji chake, aseme mwenyewe mapato yake, kamati impangie daraja. Asiyefika atawekwa daraja la kati kwa kukisiwa tu. Kazi yetu sisi makarani ilikuwa kuzunguka vijijini na kuwaandaa watu kwa msimu huo wa kwanza.

Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri. Lakini habari ikifika kijijini hufika imepinda. Kufikia Muleba ilikuwa inasemwa kwamba serikali itahesabu migomba. Kufikia Ngenge, kule bondeni, ilikuwa inasemwa kwamba ukitaja ng'ombe wawili, mmoja anachukuliwa siku hiyo hiyo, tena yule mnene. Nilikwenda Ngenge nikiwa na maelezo yangu mazuri, nikasimama barazani nikayasoma yote. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mzee mmoja alinishukuru kwa kuja, akaniombea safari njema. Njiani narudi niliona watu wakiwapeleka mbuzi porini.

Siku hiyo hiyo, kabla sijaanza kupanda mlima, mwanamke mmoja alinisimamisha. Alikuwa anaitwa Ma Kokwijuka, yaani Mama Kokwijuka. Alikuwa na jembe begani na alizungumza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake tangu jana. Alinieleza habari za mume wake, Ta Kamuhabwa. Kila mwaka mume wake alishindwa kodi ya kichwa, na kila mwaka askari walimpeleka barabarani kupasua mawe, tena wakati wa kulima. Akirudi, wakati wa kupanda umepita, kwa hiyo mwaka unaofuata anashindwa tena. Sasa amesikia kuna kodi mpya, ameapa kwamba hawatamkuta. Anataka kwenda Uganda kutafuta kazi katika mashamba ya watu huko, kama wengi walivyofanya, na wengi wao hawakurudi.

Nikamweleza kwamba utaratibu mpya ni kwa ajili ya watu kama mume wake hasa. Akifika mbele ya kamati akasema ukweli, atasamehewe. Asipofika, atakisiwa, na askari watarudi kumtafuta.

"Mimi nimekuelewa, karani," akasema. "Sasa ifanye na yeye aelewe."

Nilisukuma baiskeli mlima mzima nikiyafikiria maneno hayo. Nilipofika juu nilikuwa na wazo, na nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba niliteremka kuingia Nshamba bila kushika breki. Kanisani kwetu, kila Krismasi, tulikuwa tunaigiza. Mimi nilikuwa nimewahi kuwa mchungaji wa kondoo, na nilikumbuka kwamba akina mama wasiojua kusoma walikuwa wakitoka pale wanaijua habari yote, na nani alisema nini. Nikamwambia Ta Mika: tusiwasomee tena. Tufanye mazoezi. Tuweke meza, tuweke kamati ya kuigiza, watu waje mmoja mmoja waseme mapato ya kubuni, waone wenyewe kwamba hakuna ng'ombe anayechukuliwa.

Ta Mika alimaliza kwanza kutafuna kahawa yake. Kisha akaniuliza nani atakuwa mwenyekiti. Nikasema yeye. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Nikajua amekubali.

Tulihitaji mavazi. Pale Nshamba palikuwa na mwenye duka mmoja wa Kihindi, Bwana Jivraj, mtu mwembamba aliyezungumza Kihaya vizuri kuliko Kiswahili. Yeye peke yake mjini pale ndiye aliyekuwa ameshazoea kujaza fomu za mapato, maana wafanyabiashara walikuwa na kodi yao tofauti. Tulimweleza mpango wetu, akaingiwa na shauku kutushinda. Akasema tajiri lazima aonekane tajiri. Akatoa koti la sufu lililokuwa limetundikwa dukani kwake bila kupata mnunuzi, maana lilikuwa zito mno kwa nchi hii, akatoa na kofia ya kizungu. Sharti lake lilikuwa moja tu, koti lirudi safi. Na kwa kuwa siku ya gulio la Ngenge alikuwa anateremsha chumvi na vitambaa kwa gari lake, akasema atakuja mwenyewe kulilinda.

Basi tukaenda. Gulio lilikuwa limejaa. Tuliweka meza chini ya kibanda cha wauza samaki, Ta Mika akakaa katikati kama chifu, mimi pembeni yake. Nikatangaza kwamba leo hakuna kodi, ni mazoezi tu, na tunamtafuta mtu mmoja wa kuigiza tajiri. Watu walitazamana. Hakuna aliyenyanyua mguu. Mtu gani mwenye akili angesimama mbele ya karani wa kodi avae koti la sufu na kujiita tajiri? Nilimwomba mwenye mbuzi mmoja, akasema ana homa. Nilimwomba jirani yake, akasema anamwuguza huyo mwenye homa.

Hapo ndipo nilipomwona mwanamume mrefu, mwembamba, amesimama nyuma ya watu na mzigo wa safari kichwani. Ma Kokwijuka alikuwa kando yake. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa njiani kwenda zake Uganda, amesimama kidogo tu kuangalia kuna nini. Alitutazama, akalitazama koti, akautua mzigo chini.

"Mimi nitafanya," alisema. "Sina kitu mnachoweza kuchukua, kwa hiyo siogopi."

Watu wakaangua kicheko cha kwanza. Bwana Jivraj akamvalisha koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akabaki amesimama nyuma yake ameshika pindo lisiguse vumbi. Ta Mika akamwuliza kwa sauti ya kamati, akimwita kwa heshima ya Kihaya anayopewa mkubwa: "Waitu, mwaka wako ulikuwaje?"

Ta Kamuhabwa akafikiri. Halafu sijui kilitoka wapi. Akaanza kueleza, bila haraka, kama mtu anayechoshwa na mali zake, kwamba mwaka ulikuwa wa taabu. Malori yake mawili yanamsumbua na la tatu limekwama Kampala. Nyumba yake ya ghorofa Bukoba imejaa wapangaji, mpaka yeye mwenyewe akifika mjini anakosa mahali pa kulala. Kahawa ilizaa hadi vibarua wakaomba kupumzika. Panzi wa senene aliuza kwa magunia, na waliobaki aliwaachia waruke kwa hisani yake. Ta Mika akamwuliza, na ng'ombe? Akageuka kumwuliza Bwana Jivraj nyuma yake, kana kwamba ni mtumishi wake, kama ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa. Bwana Jivraj, bila kuachia koti, akajibu kwa Kihaya kwamba bado wanapita mlangoni tangu juzi.

Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile. Wauza samaki walikaa chini. Mzee aliyeniombea safari njema alilazimika kushikwa mikono. Tulimpangia tajiri daraja la juu, naye akalipa kwa majani ya mgomba, akitoa moja moja na kunung'unika. Kisha nikamwuliza kama ng'ombe wake wamechukuliwa. Watu wote wakaitikia kwa pamoja kwamba hawakuchukuliwa, wapo. Baada ya hapo walijipanga wenyewe kutaka kujaribu. Wengine waliigiza mapato ya kubuni, lakini wengi, nikisikiliza vizuri, walikuwa wananisimulia mwaka wao wenyewe. Sikuandika kitu. Yalikuwa mazoezi, na neno letu tulilishika.

Ta Kamuhabwa hakwenda Uganda siku hiyo. Watu walitaka mazoezi tena gulio lililofuata, na tajiri ni nani kama si yeye? Gulio la tatu malori yalikuwa manne. Ma Kokwijuka aliniambia kwamba mume wake amekuwa akijizoeza shambani, anaiambia migomba habari za ghorofa, na kwamba ni muda mrefu hajamsikia akicheka hivyo nyumbani.

Ikafika siku yenyewe. Kamati ya kweli ya Ngenge ilikaa barazani, wazee wa kijiji na Ta Mika, nami nikiwa mwandishi. Kutoka boma la Bukoba alikuja Bwana Shauri mdogo, yaani msaidizi wa mkuu wa wilaya, kijana wa Kiingereza mwenye Kiswahili kilichonyooka cha kusoma kitabuni. Alikuja kuangalia jinsi utaratibu mpya unavyoanza, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Watu walikuja. Walikuja wengi kuliko tulivyothubutu kutarajia, na mbuzi walikuwa wamerudishwa kutoka porini. Nilichovya kalamu kwenye wino kwa furaha.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Ta Kamuhabwa.

Alisimama katikati, katika nguo zake zilizochakaa. Umati ulipomwona tu, ukaanza kutabasamu. Watu wakasukumana kuja mbele. Yeye akamtazama yule Mzungu, akautazama umati, na mimi nikaona macho yake yakibadilika. Baadaye aliniambia kwamba alipomwona Bwana Shauri, maneno ya kweli yote yalimkimbia, yakabaki yale tu aliyoyazoea.

Bwana Shauri akamwuliza ana mapato gani. Ta Kamuhabwa akasema mwaka ulikuwa wa taabu, hasa upande wa malori.

Umati ukapasuka kwa kicheko. Bwana Shauri akainua kichwa, akauliza kwa makini ni malori mangapi. Akajibiwa ni manne, na mojawapo liko Kampala linatengenezwa. Akaandika. Akaambiwa habari za ghorofa, akaandika. Kadiri watu walivyocheka ndivyo Ta Kamuhabwa alivyozidi kupanda, na yule kijana alidhani wanashangilia uaminifu wa mtu wao. Nilimtazama Ta Mika. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Akainama kumnong'oneza Bwana Shauri kwamba huyu ni mtu maskini. Bwana Shauri akajibu, kwa upole lakini kwa uthabiti, kwamba mtu akisema kwa kinywa chake mbele ya kamati, kamati haina ruhusa ya kumkanusha. Akaongeza kwamba huyu ndiye tajiri wa kwanza aliyemwona tangu afike nchini anayesema ukweli bila kulazimishwa. Akaanza kuandika daraja la juu kabisa.

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea, lakini Ma Kokwijuka hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, ananitazama mimi. Daraja lile lingempeleka mume wake kwenye mawe kwa muda ambao sikutaka kuufikiria, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba akifika mbele ya kamati ataokoka.

Mwandishi hakuwa na ruhusa ya kusema. Nilisimama hivyo hivyo. Nikaacha meza, nikamwendea Ta Kamuhabwa mpaka akawa hawezi kuona umati, ananiona mimi tu, na nikamwuliza kwa sauti ya chini, kama ninavyouliza nikiwa nimekaa uani kwa mtu.

"Ta Kamuhabwa, mwaka wako ulikuwaje?"

Nikanyamaza. Alifungua mdomo na malori yalikuwa bado yamo, niliyaona. Halafu akaufunga. Alipozungumza tena ilikuwa sauti nyingine.

"Mwaka ulinikuta barabarani kwenye mawe," alisema. "Niliporudi mvua ilikuwa imekwisha. Mke wangu analima kwa watu ndipo tunakula. Kahawa yangu ni miti michache, haikuzaa. Nilikuwa na mbuzi mmoja, nikamwuza ili mtoto apelekwe hospitali." Akasita, uso ukamfunguka. "Mtoto alipona. Huo ndio mwaka wangu, karani. Mtoto alipona."

Hakuna aliyecheka. Wazee wa kamati wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa walijua kila neno ni la kweli. Bwana Shauri alikuwa ameshika kalamu hewani. Aliangalia alichoandika, akamwangalia mtu aliyesimama mbele yake miguu mitupu.

"Na malori?" akauliza.

"Malori ni ya mazoezi, Bwana," akasema Ta Kamuhabwa kwa heshima.

Ta Mika akamweleza yote, gulio, koti, majani ya mgomba. Yule kijana alisikiliza uso wake ukizidi kuwa mwekundu, na mimi nikajiandaa kufukuzwa kazi. Kumbe alikuwa anajizuia. Ilipomshinda, alicheka akilala juu ya meza, na umati uliokuwa umenyamaza ukamfuata, na mzee wa kamati mwenye umri mkubwa kuliko wote akawa anajipangusa machozi kwa kanzu. Akachana ile karatasi. Akauliza kamati inasemaje. Kamati ikasema asamehewe. Akaandika asamehewe.

Ma Kokwijuka alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka kutazama. Wanawake wengine wakampokea. Hatukuweza kuendelea kwa muda mrefu, kwa kuwa kila aliyeitwa alikuja anacheza. Nilipanda mlima jioni ile bila kuhisi mlima.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, Ta Kamuhabwa alilima kwa wakati. Na kabla msimu uliofuata haujafika, Bwana Shauri alituma neno kutoka Bukoba. Anataka mazoezi yafanyike kila gombolola, na yule tajiri aajiriwe kwa miezi ya maandalizi, alipwe mshahara. Tulizunguka naye nchi nzima ya kwetu, kutoka Muleba hadi ng'ambo ya vilima, mimi, yeye na koti. Bwana Jivraj alikuwa amelitoa kabisa, lakini kila tulipopita dukani kwake alikuwa anatoka nje kulikagua mikono.

Msimu ulipofunguliwa tena Ngenge, Ta Kamuhabwa alikuja peke yake, asubuhi, kabla kamati haijakaa vizuri. Nilimwuliza mwaka wake ulikuwaje. Akanitajia mahindi, akanitajia mbuzi wawili, kisha akautaja mshahara wake, polepole, kama mtu anayetaja jina la mtoto mchanga. Kamati ikampangia daraja la chini kabisa. Akatoa fedha kwenye kitambaa, zikiwa zimekunjwa vizuri, akaziweka mezani. Nikampa tikiti yake ya kodi. Ilikuwa ya kwanza katika maisha yake aliyoipata kwa kulipa.

Watu waliokuwa wamekwisha kufika walianza kucheka, wakidhani anawaigizia. Akawageukia, akainua mkono, wakanyamaza. Akawaambia kwamba amelipa. Pakatokea kelele ambayo sijawahi kuisikia tena mahali popote panapokusanywa kodi, na ninatumaini mmoja wenu ataisikia.

Nilidhani angekwenda nyumbani. Alibaki amesimama mbele ya meza yangu, tikiti mkononi, akitaka kujua daraja linalofuata linaanzia wapi. Nikamwambia. Alifikiri kidogo, akahesabu vidoleni, akasema mwakani atajaribu.